Bei ya Vumbi Jeupe: Hesabu za Baiskeli Kati ya Mizabibu ya Chianti

Mwaka 1997 waendesha baiskeli 92 waliondoka Gaiole, mji mdogo wa milima ya Chianti katika mkoa wa Toscana, Italia, wakapita kwenye barabara za changarawe ambazo wenyeji huziita strade bianche, barabara nyeupe. Aliyewakusanya, Giancarlo Brocci, alikuwa na lengo moja lililo wazi: kuzuia barabara hizo zisimwagiwe lami. Tamasha lake, L'Eroica, limekua hadi kuvuta zaidi ya watu 7,000 katika miaka yake mikubwa, ilhali mji wenyewe una wakazi wasiofika 3,000.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hii inahitaji maelezo. Kwetu barabara ya vumbi huvunja springi za magari, huchelewesha wajawazito kufika zahanati, hujifunga yenyewe wakati wa masika. Mtu anayedai ibaki bila lami huonekana hawatakii mema wanaoitumia. Je, Chianti imegundua utajiri ambao sisi tunaukimbia, au inacheza na umaskini ambao haiuishi tena?

Swali hilo hujibika kwa tarakimu kuliko kwa picha za machweo. Nimepiga hesabu ya ardhi, ya mwili, ya baiskeli, ya kokoto na ya fedha, na zote zinaelekea mahali pamoja. Barabara nyeupe zimedumu kwa sababu magari yanayozipita ni machache na majirani wanagawana gharama ya kuzitunza. Baiskeli zimeleta kipato na zimezipa barabara hizo watetezi, lakini bili ya kokoto haijawahi kulipwa na baiskeli peke yake.

Ardhi: sehemu moja kati ya kumi

Chianti ni miongoni mwa maeneo ya kwanza duniani ya kilimo cha zabibu za divai kuwekewa mipaka kwa amri ya serikali. Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa amri hiyo tarehe 24 Septemba 1716. Eneo linaloitwa leo Chianti Classico, kati ya Firenze na Siena, lina takriban hekta 70,000, yaani kilomita za mraba 700. Ni kama asilimia 70 ya kisiwa cha Pemba.

Katika hekta hizo, mizabibu iliyosajiliwa kwa divai ya Chianti Classico hushika kama 7,000 tu, moja ya kumi. Theluthi mbili za eneo ni msitu wa mialoni na miti mingine. Picha za matangazo humfanya mtu adhani atazungukwa na zabibu kutoka asubuhi hadi jioni. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya safari hupita kivulini, kisha ghafla kilima hufunguka na mistari ya mizabibu inaonekana upande mmoja, mizeituni upande mwingine.

Kila hekta ina kikomo chake. Kanuni haziruhusu mavuno yazidi tani 7.5 kwa hekta, na kutokana na tani hizo hutoka divai isiyozidi lita 5,250, sawa na chupa 7,000. Shamba jipya linatakiwa liwe na angalau miche 4,400 kwa hekta. Ukigawa, mche mmoja unabeba kilo 1.7 za zabibu na kutoa chupa moja na nusu hivi kwa mwaka mzima. Angalau asilimia 80 ya zabibu hizo ni za aina ya Sangiovese. Uzalishaji wa kila mwaka huzunguka chupa milioni 35, chini ya kikomo, kwa kuwa hali ya hewa na uchaguzi wa wakulima hupunguza.

Tarakimu hizi zinaeleza kwa nini mandhari haijabadilika. Shamba lisiloruhusiwa kuzalisha kupita kiwango halina sababu ya kujenga njia ya malori makubwa. Trekta, gari dogo la mizigo na gari la mwenye shamba vinatosha. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita nne inakidhi kazi hiyo, na imeikidhi kwa vizazi.

Vijiji navyo viko karibu karibu. Kutoka Gaiole, kwenye mwinuko wa takriban mita 360, hadi Radda, mita 530, ni kama kilomita 10. Castellina, mita 578, iko mbele kidogo. Kusini mwa Gaiole, mwendo wa kilomita 10 hivi, limesimama boma la Brolio la ukoo wa Ricasoli, ulioishika ardhi hiyo tangu 1141. Hapo ndipo Bettino Ricasoli, aliyekuwa pia waziri mkuu wa Italia, alipoandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu uliokuwa msingi wa divai ya Chianti. Mwendesha baiskeli mwenye pumzi ya wastani hukutana na kijiji chenye chemchemi ya maji, duka la mikate na kanisa la kale kila baada ya saa moja. Umbali huo ndio unaoiwezesha biashara yote inayofuata.

Mwili: kupanda Kilimanjaro bila kuinuka kwenye siti

Njia ndefu ya L'Eroica ina kilomita 209, na kilomita kama 112 kati yake hazina lami. Ni zaidi ya nusu, asilimia 54. Huenda kusini hadi Montalcino, ngome ya mwisho ya jamhuri ya Siena, iliyoshikilia hadi 1559, kisha hurudi kupitia vilima vya udongo wa mfinyanzi vya Crete Senesi. Njia nzima ina alama za kudumu, kwa hiyo mtu anaweza kuipita siku yoyote ya mwaka bila kujiandikisha kwenye tamasha.

Jumla ya mita za kupanda ni takriban 3,800. Mpandaji wa Kilimanjaro anayeanzia Lango la Marangu, lililo kwenye mita 1,880 hivi, hupanda mita 4,015 kufika Uhuru, naye hutumia siku tano au sita kwenda na kurudi. Mwendesha baiskeli wa Chianti anakaribia urefu huo kwa siku moja, ingawa hewa haimpungui.

Tuchukue mtu na baiskeli yake wenye uzito wa kilo 85 kwa pamoja. Kuinua uzito huo mita 3,800 kunahitaji nishati ya kilojuli 3,170. Misuli ya binadamu hugeuza takriban robo ya chakula kuwa kazi na iliyobaki huwa joto, kwa hiyo kupanda peke yake kunakula kilokalori zipatazo 3,000. Ongeza msuguano wa matairi na ukinzani wa hewa, kisha toa kile ambacho miteremko inarudisha, unafika kati ya 5,000 na 6,000. Hiyo ni nguvu iliyomo katika kilo moja na nusu ya unga wa sembe. Ndiyo maana kwenye vituo vya njiani hutengwa ribollita, supu nzito ya maharage, mboga na mkate uliolala, pamoja na mkate uliomiminiwa mafuta ya zeituni. Ni chakula cha wakulima, na kinamfaa sawasawa mtu anayechoma nishati kama mkulima wa jembe.

Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, kilomita 209 ni karibu saa 12 za kukanyaga pedali, bila kuhesabu mapumziko. Wengi wanaondoka kabla ya alfajiri. Asiyeuweza mzigo huo ana njia fupi, ikiwemo ya kilomita 46. Nami ningemshauri yeyote anayekwenda kwa mara ya kwanza aigawe njia ndefu kwa siku nne, kilomita 50 na kitu kwa siku. Vijiji vya kale havikujengwa vipitwe kwa kasi.

Baiskeli: jibu liko kwenye tairi

L'Eroica ina kanuni inayoitofautisha: baiskeli inatakiwa iwe ya mashindano ya barabarani, ya mwaka 1987 au kabla, vibadilisha gia vikiwa kwenye fremu na nyaya za breki zikipita nje ya usukani. Anayesafiri peke yake hafungwi na kanuni hiyo, na wengi siku hizi huchukua baiskeli ya changarawe, aina iliyokua haraka katika miaka kumi na tano iliyopita.

Tofauti kubwa iko kwenye tairi. Tairi la zamani la mashindano lilikuwa na upana wa milimita 23, na la changarawe lina 40 hivi. Upana haujafika maradufu, lakini nafasi ya hewa ndani yake imekuwa mara tatu. Mtu wa kilo 85 huweka kama kilo 42 juu ya kila gurudumu. Tairi jembamba lililojazwa upepo wa bar 7 hugusa ardhi kwa sentimita za mraba 6, na tairi pana la bar 2.5 hugusa kwa karibu 17. Mguso huo mpana ndio unaozuia gurudumu kuzama kwenye kokoto zilizolegea, ndio unaopunguza pancha, na ndio unaookoa viganja visife ganzi kwenye mteremko wenye matuta madogomadogo.

Baiskeli mpya ya aina hii, ya alumini, huanzia kati ya euro 1,000 na 1,500 Ulaya. Ya kaboni ya mashindano hupita 5,000, na za juu kabisa huvuka 10,000. Fedha zinazozidi 1,500 hununua wepesi na ulaini wa gia. Mguso wa tairi na ardhi unabaki ule ule, kwa sababu tairi zuri linaweza kufungwa kwenye fremu ya bei ndogo. Mwenye bajeti finyu aanze na tairi.

Kokoto: bili isiyoonekana

Barabara isiyo na lami ina gharama yake, nayo hulipwa polepole, milimita kwa milimita. Kila gari linalopita huchimbua kokoto, upepo hubeba vumbi laini linaloshikamanisha, na mvua humalizia kazi.

Namna upotevu huo unavyopimwa ina chimbuko hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa gharama za usafiri barabarani nchini Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1975. Walitoa kanuni ya hesabu inayounganisha idadi ya magari, kiasi cha mvua, ukali wa mteremko na aina ya kokoto. Kokoto za volkeno hudumu zaidi, na za matumbawe, zile za mwambao, hupotea upesi. Kanuni hiyo imetumiwa na wahandisi mbali na Kenya.

Nimeipeleka Chianti kama rula ya kukadiria. Mvua ya huko ni karibu milimita 800 kwa mwaka. Magari 50 kwa siku kwenye mteremko wa asilimia 5 yangepoteza takriban milimita 15 za kokoto kila mwaka. Sehemu tambarare ingepoteza 7. Mteremko, basi, hula barabara kuliko mvua, na kila mkulima aliyewahi kuona maji yakishuka mlimani anaelewa kwa nini. Magari yakipungua hadi 14 kwa siku, upotevu mlimani unashuka hadi karibu milimita 6. Yakiongezeka hadi 300, unafika 26.

Tuchukue zile kilomita 112, upana mita 4, nusu zikiwa za mlima na nusu tambarare, magari 50 kwa siku. Wastani wa upotevu ni milimita 11. Hiyo ni mita za ujazo 44 kwa kila kilomita, na karibu 4,930 kwa njia nzima. Kwa uzito wa tani 1.7 kwa mita ya ujazo tunapata tani 8,400 kwa mwaka, mizigo 560 ya lori la tani 15. Ikiwa tani moja iliyonunuliwa, ikasafirishwa na kusambazwa inagharimu euro 25, bili ni euro 210,000. Kwa kilomita moja ni chini kidogo ya euro 1,900.

Hesabu hii ni ya kukadiria, na greda hurudisha sehemu ya kokoto kutoka mitaroni. Hata hivyo inatupa mizani. Euro 1,900 kwa kilomita ni fedha ambayo halmashauri ndogo inaweza kuibeba, hasa kwa kuwa Italia ina utaratibu wa zamani ambamo wenye mashamba kando ya njia huungana na halmashauri kutunza barabara za ujirani. Lakini magari yakifika 300 kwa siku, sehemu za mlima zinahitaji kokoto mara 1.7, vumbi linaingia majumbani, na watu wana haki ya kudai lami. Wahandisi kwa kawaida huona lami inaanza kujilipa kati ya magari 200 na 300 kwa siku. Uamuzi wa lami hauna haja ya kuwa suala la heshima au aibu. Ni suala la kuhesabu magari.

Uzito: baiskeli 40,000 kwa gari moja

Je, maelfu ya baiskeli hayaimalizi barabara? Kati ya 1958 na 1960, majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya gari dogo hubeba kama kilo 600 na ya baiskeli kilo 42. Uwiano ni 14. Uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara nne, unapata karibu 40,000.

Majaribio yale yalihusu barabara zilizosakafiwa, na changarawe ina tabia zake, hasa pale breki zinapofunga gurudumu kwenye mteremko. Mwelekeo lakini hauna utata. Waendesha baiskeli 7,000 wakipita kwa siku moja, kwa kipimo hicho, hawafikii hata robo ya uharibifu wa gari moja dogo. Magari yanayowafuata, yale ya mizigo na ya familia, ndiyo yanayoongeza bili. Mji unaotaka utalii wa baiskeli uanze kwa kupanga mahali magari yatakapoegeshwa.

Mashindano: tangazo la siku moja

Mwaka 2007 mbegu ya L'Eroica ilizaa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, yajulikanayo leo kama Strade Bianche. Mshindi wa kwanza alikuwa Alexandr Kolobnev wa Urusi. Mwaka uliofuata yalihamishiwa Machi, na Fabian Cancellara wa Uswisi akashinda kwa mara ya kwanza kati ya tatu, 2008, 2012 na 2016. Wanawake walianza kushindana mwaka 2015, Megan Guarnier wa Marekani akiwa wa kwanza. Mwisho wa mbio ni Piazza del Campo mjini Siena, baada ya mtaa wa Santa Caterina wenye mwinuko unaofika asilimia 16.

Mwaka 2024 Tadej Pogačar wa Slovenia alijitenga na wenzake zikiwa zimebaki kilomita 81, akamaliza kilomita 215 peke yake kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa. Alishinda tena 2025, safari hiyo kilomita 213, zaidi ya 81 zikiwa za changarawe. Septemba ya mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia wa barabara mjini Kigali, mara ya kwanza ubingwa huo kufanyika Afrika.

Kwa vijiji, mashindano haya ni tangazo linaloonekana dunia nzima kwa muda wa saa chache, katika mwezi ambao wageni bado ni haba. Faida yake kubwa haipatikani siku ile. Hupatikana Mei na Septemba, mtu aliyeona mbio kwenye televisheni anapofika na baiskeli yake.

Kijiji: nani anapokea, nani analipa

Barabara hizi zilijengwa kuhudumia mezzadria, mfumo ambamo familia ya wakulima iliishi katika nyumba ya mwenye ardhi na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Kila nyumba ilihitaji njia ya kufika kwenye boma, kinu na kanisa. Baada ya vita vya pili vya dunia vijana walikimbilia viwandani. Sheria ya 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, na ya 1982 ikaigeuza iliyobaki kuwa ya ukodishaji. Nyumba zilibaki tupu na barabara zikabaki bila lami, kwa kuwa waliokuwa wakizipita walikuwa wameondoka. Mgeni anayelala leo kwenye nyumba ya mawe iliyokarabatiwa analala mahali ambapo familia ilifanya kazi na kukabidhi nusu ya jasho lake. Hilo ni sehemu ya gharama, na ni haki likumbukwe.

Sasa tupige hesabu ya fedha kwa mfano. Washiriki 7,000 wakikaa siku mbili na kutumia euro 100 kwa siku, wanaacha euro milioni 1.4. Ukigawa kwa wakazi 2,700, ni zaidi ya euro 500 kwa kila mtu, tarakimu inayopendeza masikio. Lakini Gaiole haina vitanda 7,000. Wengi hulala Siena na vijiji vya mbali, na sehemu kubwa ya fedha huwafuata huko.

Linganisha na wageni wa kawaida: waendesha baiskeli 30 kwa siku, kwa siku 200 za hali nzuri ya hewa. Hizo ni siku 6,000 za wageni, euro 600,000 kwa matumizi yale yale. Jumla ni chini ya nusu ya fedha za tamasha, lakini watu 30 wanaenea kwenye vitanda vilivyopo, wanakula kwenye meza zilizopo, na wanawapa wenyeji ajira ya miezi saba badala ya siku mbili. Ningekuwa mshauri wa kijiji chochote chenye barabara nzuri ya vumbi, ningeweka nguvu kwenye alama za njia za kudumu kabla ya kufikiria tamasha.

Bili ya kokoto inarudi hapa. Manispaa nyingi za Italia hutoza kodi ya malazi kwa kila usiku. Kwa mfano wa euro 2, washiriki 7,000 kwa siku mbili wangeingiza euro 28,000. Ile bili yetu ilikuwa 210,000. Kodi ya tamasha zima ingelipa asilimia 13 tu. Sehemu iliyobaki inatoka kwa mwenye shamba, halmashauri na mkoa, na wao wanaikubali kwa sababu barabara ni yao kwanza. Wangeitunza hata kama hakuna baiskeli hata moja. Uhai wa barabara nyeupe unasimama juu ya hilo.

Mgeni kutoka kwetu

Mtanzania au Mkenya anayetaka kwenda anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kwa siku nne za kuendesha na usiku tano, bajeti ya kupangia inaweza kuwa hivi: viza 90, bima 40, kukodi baiskeli 200, nusu ya chumba cha watu wawili shambani 300, chakula 225, treni na basi 40. Jumla ni euro 895, tikiti ya ndege ikiwa juu yake.

Malazi na chakula ni 525, asilimia 59 ya jumla. Hiyo ndiyo sehemu inayofika mikononi mwa kijiji. Kukodi baiskeli kunachukua asilimia 22, na viza na bima karibu 15. Anayetaka fedha yake iwafae wenyeji achague shamba badala ya hoteli ya mjini, ale kijijini, na aende Mei au mapema Oktoba, wakati joto ni la kiasi na vitanda vipo.

Dodoma na nchi ya Wamaasai

Barabara za vumbi zenye mizabibu hazihitaji viza kwa Mtanzania. Dodoma hulima zabibu kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na kwa hali yake ya hewa huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Chianti haiwezi. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana katikati ya karne ya 20, na leo mashamba yameenea Hombolo, Mpunguzi na Makutupora. Kaskazini, wilayani Kondoa, ipo michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Nikiiweka Dodoma kwenye ile kanuni iliyozaliwa Kenya, kwa mvua ya milimita 570, magari 50 kwa siku na mteremko wa asilimia 2, upotevu ni takriban milimita 9 kwa mwaka. Ni chini ya wastani wa Chianti. Tofauti iko kwenye mvua inayoshuka yote kwa miezi michache na kugeuza njia kuwa korongo palipo na kalavati bovu. Fedha ya kwanza, basi, iende kwenye mitaro na makalavati, kisha kokoto.

Kenya imekwisha kuonyesha kwamba mashindano ya changarawe yanawezekana hapa. Migration Gravel Race yalianza 2021 katika nchi ya Wamaasai, takriban kilomita 650 kwa siku nne, na mwaka uliofuata yakafuatwa na mashindano ndugu kaskazini mwa Tanzania. Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani aliyefariki akishindana Vermont, Marekani, Agosti 2022, alitaka vijana wa Afrika Mashariki washindane na walio bora duniani bila kusubiri kuhamia Ulaya kwanza. Barabara za kujifunzia tunazo kwa wingi.

Wingi huo una upande wake mzito. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania ulioanza 2017, unasimamia zaidi ya kilomita 140,000, na sehemu kubwa haina lami. Wala haitakuwa na lami yote katika maisha yetu. Kwa hiyo mjadala wa kweli ni namna ya kuzipanga. Barabara yenye magari 300 kwa siku, inayopeleka wagonjwa hospitali na mazao sokoni, ipate lami, na mtalii asitumiwe kama hoja ya kuichelewesha. Barabara yenye magari 20 au 50 ipate kokoto nzuri, mitaro iliyozibuliwa kabla ya masika na alama zinazomwelekeza mgeni kwenye shamba, chemchemi na nyumba ya kulala. Kisha ada ya usiku iandikwe kwenye sheria ndogo za halmashauri, ikitaja wazi kilomita zipi itatunza, hata kama italipa sehemu moja tu kati ya nane.

Kazi ya kwanza haigharimu karibu chochote: mtu mmoja, kalamu na daftari, akae kando ya barabara wiki nzima wakati wa kiangazi na wiki nzima wakati wa mvua, ahesabu magari, pikipiki, mikokoteni na baiskeli. Halmashauri yenye daftari hilo inaweza kuamua kwa haki ni nani apate lami na ni nani apate kokoto, na inaweza kumweleza kila mkazi sababu yake.